Mgeni Njoo, Mwenyeji Apone: Kupokea Wageni Baada ya Konje

Baada ya Siku Kuu ya Noeli na Mwaka Mpya, na tena baada ya konje kubwa ya watoto wa shule katika mwezi wa saba na wa nane, njia zetu zinajaa watu. Baba anayefanya kazi Bukavu alikwenda kwao pamoja na mke na watoto kuona wazee. Sasa anarudi. Juu ya kamyo wamepakia ndizi, mfuko wa maharagi na kuku wawili waliofungwa miguu. Na pamoja na vitu hivi wanakuja watu: baba mdogo anayetaka kuonwa na munganga, dada ya mke anayekuja kusaidia kazi, mtoto wa ndugu anayetafuta shule. Juma moja halijapita, na majirani wanaotoka kijiji kile kile wanafika kusikiliza habari za nyumbani. Nyumba ya watu sita imekuwa nyumba ya watu kumi na mmoja.

Wazee wetu walisema: Mgeni njoo, mwenyeji apone. Watu wengi wanacheka wakisema neno hili, kwa sababu siku ya mgeni hata watoto wanakula nyama. Lakini sisi wa hospitali tunasikia neno lile "apone" kwa masikio mengine. Majuma mawili au matatu baada ya konje, benchi la watoto linajaa. Huyu anahara, huyu ana homa, huyu anakohoa. Tukimwuliza mama, "Mko wangapi nyumbani?", ndipo tunasikia habari za wageni. Hatuandiki haya ili kukataza wageni. Mkristo anayefunga mlango wake, imani yake ni ya namna gani? Tunataka mgeni arudi kwao akiwa mzima, na watu wa nyumba wabaki wazima vilevile.

Maji kwanza

Someni Mwanzo sura ya 18. Ibrahimu alipowaona wageni watatu wakati wa jua kali, hakuanza na ndama. Alitaja kwanza maji ya kuosha miguu. Ndama alikuja nyuma.

Katika nyumba zetu pia tunaleta maji kabla ya kula, na desturi hii ni njema. Lakini tazameni besani yenyewe. Mzee ananawa kwanza, kisha mgeni, kisha baba, na besani inazunguka mpaka kwa mtoto wa mwisho. Mtoto yule ananawa katika uchafu wa watu wanane, kisha anatia mkono katika sahani ya pamoja. Basi, maji yasikae ndani ya besani. Mtoto mmoja asimame na kopo, amwage maji juu ya mikono ya kila mtu, na sabuni ipite kutoka mkono hata mkono. Kama sabuni hakuna, majivu safi yatasaidia. Hii si kumdharau mgeni. Kumwagiwa maji na mtoto ni heshima kuliko kuoga mikono katika maji ya wengine.

Maji ya kunywa yachemke kweli, yaani yarukeruke ndani ya sufuria kwa dakika moja nzima. Katika milima mirefu sana, dakika tatu. Yapoe katika chombo chenye kifuniko, na watu wasichote kwa vikombe vyao. Chombo chenye mdomo mwembamba, kama bidoni, kinafaa kuliko ndoo iliyo wazi. Watu wa kando ya ziwa Kivu na ziwa Tanganyika wanajua kwa nini tunasema hivi. Kipindupindu kinarudi kwao mara kwa mara tangu miaka ya 1970. Na katika mwezi wa saba wa mwaka 1994, wakimbizi walipojaa Goma, kuhara kuliua maelfu na maelfu ya watu katika majuma machache. Mtu anaweza kubeba kidudu cha kipindupindu tumboni bila kuugua, akakiacha chooni kwako. Kwa hiyo choo kiwe na kifuniko, na karibu na mlango wake kuwe maji na sabuni. Mwonyesheni mgeni choo saa ile ile anapofika, hasa watoto wake, wasitafute nyuma ya migomba.

Kama mtu anaanza kuhara, msingoje kesho. Chukua lita moja ya maji safi, tia vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu ya kijiko kidogo cha chumvi, vyote vikiwa sawa na ukingo wa kijiko, visizidi. Koroga. Anywe kidogo kidogo, tena na tena. Mtoto wa kunyonya aendelee kunyonya. Maji haya ni ya siku moja tu. Kesho tengeneza mengine. Lakini akihara maji meupe kama maji ya mchele, mnywesheni njiani mkimpeleka hospitali. Kipindupindu kinaweza kuua mtu mzima katika saa chache.

Muhogo haupendi haraka

Hapa tutakaa kidogo, kwa maana si watu wengi wanaofundishwa neno hili.

Mama alikuwa ameloweka muhogo wa watu sita. Wamefika kumi na mmoja. Unga umekwisha siku ya pili. Atafanya nini? Anautoa muhogo majini baada ya usiku mmoja, anauanika upesi, anausaga, anapika ugali. Wageni wanashiba na kumsifu. Lakini muhogo mchungu una sumu ndani yake inayoitwa sianidi, na sumu hii inatoka polepole. Mizizi inapaswa kukaa majini siku tatu au zaidi, mpaka iwe laini kabisa, kisha ikauke vizuri.

Huko Kwango kuna ugonjwa unaoitwa konzo. Neno hili ni la lugha ya Wayaka, na maana yake ni miguu iliyofungwa. Munganga Giovanni Trolli aliandika habari zake mwaka 1938. Mtu analala mzima. Asubuhi, au baada ya safari ndefu, anaona miguu yake yote miwili imekakamaa na kutetemeka. Wengine wanatembea kwa vidole, wengine kwa fimbo mbili, wengine hawatembei tena kamwe. Ugonjwa huu unashika zaidi watoto na wanawake, na dawa ya kunyosha miguu ile hakuna. Baadaye, katika nchi ya Bandundu, waganga waliona ya kuwa njia nzuri ya magari ya kwenda Kinshasa ilifanya wanawake wauze muhogo upesi, wakapunguza siku za kuloweka, na konzo ikaongezeka. Njia ya magari haikuwa na kosa. Kosa lilikuwa ile haraka. Na konzo imeonekana Kivu ya Kusini pia.

Basi mama afanye nini na watu kumi na mmoja? Kama mnajua wageni watakuja, lowekeni muhogo mwingi kabla ya kwenda konje, mwache unga mkavu nyumbani. Kama hamkujua, pikeni viazi, ndizi, mahindi au mchele, na msione haya. Tena iko njia nyingine kwa unga ambao hamwuamini. Changanya unga na maji mpaka ulowe, utandaze juu ya chombo kipana, usizidi unene wa kidole, uache juani saa mbili au kivulini saa tano. Sumu inatoka na kwenda na hewa. Siku ile ile pika ugali kama kawaida. Njia hii ilifundishwa kwa akina mama wa vijiji vya Kwango, nao waliipokea vizuri kwa sababu haidai franga hata moja.

Maharagi, samaki, karanga na mayai yanasaidia mwili kushinda sumu ile. Na hapa tunafika kwenye sahani ya watoto. Siku ya wageni kuku anachinjwa. Paja kwa mgeni, kifua kwa baba, na watoto wanangoja nyuma ya mlango mpaka wakubwa wamalize. Wanapata mchuzi na mifupa. Siku moja si neno. Lakini wageni wakikaa mwezi mzima, na kila siku mtoto wa miaka miwili anakula mwisho, atavimba miguu, nywele zitabadilika rangi, hatacheka tena. Watu wa Kivu wanauita ugonjwa huu bwaki. Mtengee mtoto sahani yake kabla ya kupeleka chakula kwa wakubwa. Hakuna mgeni mwenye akili atakayekasirika. Mimi naona hata inafaa baba mwenyewe aseme neno hili mbele ya wageni, maana mama akilisema peke yake ataitwa mchoyo.

Chandarua ni cha nani?

Usiku umefika. Nyumba ina vyandarua viwili. Desturi inasema kitanda kizuri ni cha mgeni, na chandarua kiko juu ya kitanda kile. Kwa hiyo mama mwenye mimba na mtoto mdogo wanahamia kwenye mkeka chini, bila kitu.

Tangu mwaka 1897, Ronald Ross alipoona vidudu vya malaria ndani ya mbu kule India, watu wanajua kwamba homa hii inaletwa na mbu anayeuma usiku. Na watu wanaokufa zaidi kwa malaria ni watoto wasiotimiza miaka 5. Mwanamke mwenye mimba pia yuko katika hatari, yeye na mtoto aliye tumboni. Basi mgeni apewe kitanda, na apewe shuka safi. Lakini chandarua kiende na mtoto na mama mwenye mimba popote wanapolala, hata juu ya mkeka, na kingo zake zikunjwe chini ya mkeka. Kama mgeni ana mtoto mdogo, watoto walale pamoja chini ya chandarua kimoja. Afadhali zaidi, mgeni aje na chake. Katika barua ya kumkaribisha andikeni wazi: "Shangazi, uje na chandarua chako." Atakileta, kama vile anavyoleta kuku.

Neno jingine juu ya homa. Watu wanaokaa katika baridi ya Bukavu au ya Lubero wakishuka bonde la Ruzizi kuona wazazi, miili yao haikuzoea malaria ya chini. Wanarudi wazima. Siku kumi zinapita, au majuma mawili, au hata mwezi, ndipo homa inapanda. Mwambie mwuguzi, "Nilikuwa Uvira kwa konje." Atapima damu yako. Usimalize juma zima ukisema ni uchovu wa safari.

Kikohozi cha mjomba

Hili ni gumu, kwa sababu ya heshima. Mjomba amekuja, anakohoa usiku kucha, amekonda, na analala katika chumba kimoja na watoto wanne, dirisha limefungwa kwa ajili ya baridi. Nani atasema? Mke hawezi, yeye ni mke wa watu. Watoto hawawezi. Basi ni kazi ya mwana wa dada yake, na aseme faraghani, asubuhi, bila kutaja jina la ugonjwa.

"Mjomba, jambo. Umelala vizuri?"

"Nimelala, mwanangu. Ni kikohozi tu."

"Kikohozi hiki kilianza lini, mjomba?"

"Tangu tulipopanda maharagi."

"Kesho nampeleka mtoto kupimwa kilo. Twende pamoja. Watatazama makohozi yako, kisha tutarudi kula."

Mzee atakwenda, maana hakuaibishwa. Kikohozi kinachopita majuma mawili kinapaswa kupimwa. Kama ni kifua kikuu, dawa zake hazilipwi, na kwa kawaida ni za miezi 6. Siku za kupimwa, mjomba alale penye dirisha wazi, peke yake kama inawezekana, afunike mdomo akikohoa. Na watoto waliolala naye wapelekwe kuonwa vilevile, hata kama hawakohoi.

Mambo mengine kwa ufupi. Mama mgeni akifika na mtoto, mwombe karatasi ya chanjo. Surua iliua watoto zaidi ya 6,000 katika Kongo yetu tangu mwanzo wa mwaka 2019, na chanjo yake inaanza mtoto akiwa na miezi 9. Mgeni mwenye vipele vya maji mwilini asilale katika mablanketi ya wengine mpaka aonwe. Ugonjwa wa mpox ulienea kutoka Kamituga tangu mwaka 2023 kwa njia ya kugusana. Na watu wa Beni na Butembo hawatasahau Ebola ya miaka 2018 hata 2020, iliyoua watu zaidi ya 2,200. Wengi waliipata kwa kuuguza ndugu au kuosha maiti. Mgeni akitoka mahali ambapo ugonjwa kama huo umetangazwa, na homa ikamshika, msimfiche ndani kwa ajili ya upendo. Mwiteni mtu wa afya.

Tena msigawanye dawa. Mgeni anaumwa kichwa, na mwenyeji mwema anatoa vidonge vilivyobaki vya mtoto. Vilibaki kwa nini? Dawa ya malaria ya siku tatu inamezwa yote kwa siku tatu. Sasa wagonjwa wawili wamepata nusu nusu, na hakuna aliyepona.

Na mama wa nyumba? Mwanamke mwenye mimba ya miezi minane anachota maji ya watu kumi na mmoja, na dada ya mume amekaa kivulini akisifu mji. Siku ya tatu mpe jembe, walisema wazee, na bidoni vilevile.

Siku mgeni anapoondoka, mkeka na mablanketi vianikwe juani na shuka zifuliwe. Kama baba mdogo ameanza dawa ya kifua kikuu, asipande kamyo kwanza. Apite hospitali kuchukua barua ya kumpeleka kituo cha afya karibu na kwao, pamoja na dawa za kumtosha mpaka afike kule, na mtu mmoja wa jamaa ajue siku aliyoanza kumeza na siku atakayomaliza.