Usiisugue sufuria hadi ing'are

BILA shaka umewahi kununua sufuria mpya inayong'aa kama kioo, ukaichemshia maji mara moja tu, na ulipoyamwaga ukakuta ndani imekuwa kijivu au nyeusi. Aghalabu lawama humwendea mwenye duka, kisha waya wa kusugulia na jivu hutafutwa.

Subiri kidogo! Weusi huo si uchafu, wala hauna madhara. Ni ngao ya sufuria yako.

Aluminiamu hupenda sana kuungana na oksijeni. Ukiikwaruza, papo hapo hewa huifunika kwa utando mgumu wenye unene wa nanomita chache tu. Nanomita moja ni milimita iliyogawanywa mara milioni. Kutu ya chuma hubambuka na kuacha chuma kiendelee kuliwa. Utando wa aluminiamu, kwa upande wake, hushikilia imara na kuziba njia.

Maji yanayochemka huunenepesha utando huo. Aluminiamu huchukua oksijeni iliyomo ndani ya maji, na unene ukaweza kufikia mamia ya nanomita. Madini yaliyomo majini nayo huchangia kuutia rangi.

Viwandani jambo hili hufanywa makusudi. Fremu nyingi za madirisha ya aluminiamu hutiwa utando kwa nguvu za umeme ndani ya asidi, kisha huchovywa katika maji yanayokaribia kuchemka ili vitundu vidogo vya utando vizibe.

Nawe waweza kufanya jambo kama hilo jikoni. Ioshe sufuria mpya kwa sabuni, ijaze maji matupu, yachemshe kwa muda wa nusu saa, uyamwage. Baadaye ioshe kwa kitambaa laini tu.

Hata hivyo, ngao hii ina maadui. Ndimu, siki, ukwaju na nyanya huiyeyusha kwa asidi yake. Magadi na jivu pia huila. Ndiyo maana sufuria iliyopikiwa nyanya huonekana imetakata: utando umeondoka, na sehemu yake imeingia katika mchuzi!

Je, kuna hatari? Sehemu kubwa ya aluminiamu tunayokula hupita tumboni na kutoka, na figo zenye afya huondoa ile kidogo inayoingia katika damu. Mgonjwa wa figo ndiye anayepaswa kujihadhari zaidi. Mwaka wa 2011, wataalamu wa Umoja wa Mataifa waliweka kiwango cha miligramu 2 kwa wiki kwa kila kilo ya uzito wa mtu.

Hivyo basi, mchuzi wa nyanya au wa ukwaju usilale ndani ya sufuria ya aluminiamu. Uhamishie katika bakuli la udongo au la kioo. Na mgeni akiicheka sufuria yako nyeusi, mweleze kwamba hiyo imevaa koti lake.