Misitu Mchanganyiko ya Sierra Nevada na Kiu ya Hewa

Miteremko ya magharibi ya milima ya Sierra Nevada, katika jimbo la California nchini Marekani, imevikwa ukanda mrefu wa msitu mchanganyiko wa mikoni, yaani miti ambayo mbegu zake hukomaa ndani ya koni na ambayo majani yake ni membamba kama sindano au madogo kama magamba. Humo huota pamoja msonobari wa ponderosa, msonobari wa sukari, mfiri mweupe, mwerezi wa uvumba, mduglasi na, mahali pachache, msekwoya mkubwa, ambao kwa ujazo wa shina hauna mshindani duniani. Mvua na theluji huanguka majira ya baridi, kisha kiangazi hupita karibu bila tone, hivyo miti hutegemea maji ya theluji inayoyeyuka polepole na kuzama udongoni.

Ongezeko la joto limeuvuruga mpango huo kwa njia mbili: sehemu ya theluji sasa huanguka ikiwa mvua au huyeyuka mapema, na hewa yenye joto, kwa kuwa ina kiu kubwa zaidi, hufyonza maji mengi kutoka kwenye majani hata pale udongo unapokuwa na unyevu wa kutosha. Mti ulioishiwa maji hufunga vitundu vya majani yake, hupunguza kutengeneza chakula, na hushindwa kutoa utomvu mzito ambao ndio silaha yake dhidi ya mbawakawa wa magome, wadudu wadogo wanaotoboa gome na kutaga mayai ndani yake. Ndiyo maana ukame wa 2012 hadi 2016 uliandamana na mlipuko wa wadudu hao, na Idara ya Misitu ya Marekani ilikadiria kwamba miti milioni 129 ilikufa California kati ya 2010 na 2017.

Hata hivyo, kulitupia joto lawama zote ni kusahau kazi ya mikono ya binadamu. Kabla ya karne ya ishirini moto mdogo wa ardhini, uliowashwa na radi au na wenyeji wa asili waliochoma msitu kwa makusudi, ulipita kila baada ya miaka 10 hadi 20 hivi na kufyeka miche mingi. Moto ulipopigwa marufuku, mfiri mweupe, ambao hustahimili kivuli lakini una gome jembamba ungali mchanga, ulijaza kila nafasi. Ulinganisho wa kumbukumbu za 1911 na hali ya 2011 kusini mwa milima hiyo ulionyesha kwamba idadi ya miti katika eneo lile lile iliongezeka mara 6 hadi 7, huku ukubwa wa wastani wa mti ukipungua kwa nusu. Ikumbukwe kwamba msitu huo uliosongamana nao ulikuwa mchanganyiko. Kuchanganya spishi peke yake, basi, si kinga.

Kinachookoa ni mpangilio. Msitu wa zamani ulikuwa na miti iliyosimama peke yake, vikundi vya miti michache na nafasi wazi baina yake, nafasi ambazo ziliruhusu theluji kufika chini badala ya kunaswa na matawi, zikaupa kila mti maji zaidi, na zikauzuia moto kurukia vilele. Desturi ya kupanda miche kwa mistari, hatua tatu au nne baina ya mche na mche, ilifaa kiwanda cha mbao, lakini shamba la namna hiyo likishika moto likiwa changa huteketea lote. Mbinu inayopendekezwa sasa ni kupanda kwa vikundi pale tu ambapo miti mama iko mbali mno kutawanya mbegu, na kuyaachia mazingira yenyewe mahali pengine.

Mbegu nazo zina asili. California imegawanywa katika kanda za mbegu, na kila kanda katika ngazi za mwinuko za takriban mita 150. Kwa kuwa joto hupungua kwa takriban nyuzi 0.6 kila mita 100 za kupanda, ongezeko la nyuzi moja linatosha kuifanya mbegu ya ngazi ya chini ifae zaidi katika ngazi ya juu yake. Tahadhari inahitajika, kwani mbegu ya bondeni yaweza kuuawa na baridi kali ya mlimani. Msonobari wa sukari unadai zaidi: hushambuliwa na kuvu wa kutu aliyefika pwani ya magharibi ya Amerika Kaskazini mwaka 1910 pamoja na miche kutoka Ufaransa, kwa hiyo miche yake huchaguliwa kutoka kwa miti yenye ukinzani. Kuhusu kuvu, Kenya na Tanzania nazo zilikwisha kuonja hatari ya kutegemea spishi moja, pale msonobari wa radiata, mzaliwa wa pwani ya California hiyo hiyo, ulipoachwa kupandwa miaka ya 1960 kwa sababu ya kuvu wa majani.

Linabaki suala la moto. Mwaka 2020 moto mmoja uliua, kwa makadirio, kati ya asilimia 10 na 14 ya misekwoya mikubwa yote, miti ambayo kwa gome lake nene ilizoea kupona. Ili kurudisha moto mdogo wa zamani, Hifadhi za Taifa za Sequoia na Kings Canyon zimekuwa zikichoma sehemu za msitu kwa mpango tangu 1968. Uchomaji huo huleta moshi, huhitaji wafanyakazi wenye ujuzi, na siku zinazoufaa ni chache. Lakini mpango wowote wa kupanda miche katika milima hiyo usioeleza ni lini msitu utapunguzwa na kuchomwa kwa mara ya kwanza haustahili kuidhinishwa.