Falco na siri ya mzigo wa Britannia

MZIGO umetoka pembe moja ya dola na kufika mji mkuu. Umepita bandarini, barabarani na magodauni, lakini hakuna ofisa anayekiri kuuona. Mfanyabiashara wa mpakani akisikia habari hiyo, swali lake huwa moja tu: nani aliupitisha?

Swali hilo ndilo linalobeba The Silver Pigs, mchezo wa redio uliorushwa na BBC Radio 4 mwaka 2004. Ulikuwa wa kwanza katika mfululizo kuhusu Marcus Didius Falco, mpelelezi wa kujitegemea katika Roma ya kale. Ulifuatiwa na Shadows in Bronze, Venus in Copper, The Iron Hand of Mars na Poseidon's Gold.

Mary Cutler aliiandika michezo hiyo kutokana na riwaya za Lindsey Davis, Mwingereza aliyekuwa mtumishi wa serikali kabla ya kugeukia uandishi. Riwaya ya kwanza ilitoka mwaka 1989. Sauti ya Falco ni ya mwigizaji Anton Lesser.

Michezo mingi kuhusu Roma huanzia ikulu kwa wafalme na majemadari. Huu unaanzia kwa mpangaji. Falco anaishi juu kabisa ya jengo chakavu, chini yake kuna dobi, na kodi ya nyumba inamsumbua kila mara. Ni mwaka 70 BK. Roma imetoka kwenye vita vya wenyewe kwa wenyewe vilivyopitisha watawala wanne ndani ya mwaka mmoja, na Vespasian, aliyeshinda, amerithi hazina tupu.

Vespasian huyo ndiye aliyetoza kodi hata mkojo uliokusanywa vyooni, ambao madobi waliutumia kusafishia nguo. Ugumu wa maisha anaousimulia Falco una msingi katika historia.

Mali ya dola mikononi mwa wajanja

Mzigo wenyewe ni mikuo ya madini ya risasi, vipande vizito vilivyoyeyushwa na kumiminwa kwenye kalibu. Ndani ya mawe ya risasi ya Britannia, Uingereza ya leo, mlikuwa na madini ya fedha, na fedha ndiyo iliyofuliwa sarafu za kulipia wanajeshi. Anayeiba mikuo hiyo anaiba mishahara ya jeshi, na anaweza kununulia jeshi lake mwenyewe.

Haya hayakubuniwa yote. Warumi waliivamia Britannia mwaka 43 BK. Kufikia mwaka 49, miaka sita tu baadaye, mikuo ya risasi kutoka vilima vya Mendip ilikuwa tayari inapigwa jina la mtawala. Muhuri huo ulitangaza mwenye mali, kama mihuri ya leo kwenye mizigo ya forodha.

Ili kujua mihuri inachezewa wapi, Falco anajipenyeza mgodini akijifanya mtumwa. Njia ya mzigo inamrudisha Roma, hadi kwenye ghala la pilipili manga. Aliyekuwa nyuma ya mpango huo ni heri msikilizaji amgundue mwenyewe.

Pilipili, pembe na robo ya thamani

Ghala hilo nalo lina historia. Pilipili manga ilitoka India kwa jahazi hadi bandari za Misri kwenye Bahari ya Shamu, kama Berenike, ambako wachimbuaji wa mambo ya kale walikuta mtungi wenye kilo 7.5 za punje zake. Bidhaa za mashariki zilitozwa asilimia 25 ya thamani. Ndani ya dola, kama kule Gaul, Ufaransa ya leo, ushuru wa kawaida ulikuwa asilimia 2.5.

Njia hiyo ya bahari iligusa pia pwani ya Afrika Mashariki. Periplus, mwongozo wa wafanyabiashara wa karne ya kwanza ulioandikwa kwa Kigiriki, unaitaja Azania na soko lake la Rhapta. Huko zilitoka pembe za ndovu, pembe za faru na magamba ya kasa, na ziliingia mikuki, shoka ndogo na visu.

Kiwango kilipofichwa

Kilichowaumiza wafanyabiashara wa wakati wa Falco hakikuwa ushuru peke yake. Makusanyo yalikodishwa kwa makampuni binafsi, na kanuni za kila tozo zilikaa kwa watozaji. Asiyejua kiwango alilipa alichoambiwa.

Mwaka 58, miaka 12 kabla ya kisa cha mikuo, malalamiko yalizidi hadi Nero akafikiria kufuta tozo hizo zote. Maseneta walimwonya kwamba dola ingeanguka. Badala yake aliagiza kanuni za kila tozo zibandikwe hadharani, madai yaliyoachwa kwa zaidi ya mwaka yasifufuliwe, na kesi dhidi ya watozaji zisikilizwe haraka.

Mwaka 137, baraza la mji wa Palmyra, Syria, lilikwenda mbali zaidi. Bidhaa nyingi zilikuwa zikitozwa kwa mazoea na ugomvi haukwisha. Viwango vikachongwa kwenye jiwe, kwa Kigiriki na Kiaramu, mzigo wa ngamia na wa punda kila mmoja na bei yake. Jiwe hilo liko katika jumba la makumbusho la Hermitage, Urusi.

Leo mfanyabiashara mdogo wa Afrika Mashariki ana cheti rahisi cha uasili wa bidhaa kwa mzigo usiozidi dola 2,000 za Marekani. Kama ilivyokuwa Palmyra, cheti hicho humsaidia yule anayejua kwamba kipo.