Kabla ya kuchonga pua, ulizia pumzi

Ndugu msikilizaji, juma hili nataka tuzungumzie pua. Najua wapo watakaotabasamu na kuuliza kama mambo yote ya nchi yamekwisha hata tufikie kujadili pua. Atakayecheka namwomba jambo moja tu: aizibe yake kwa vidole viwili, afumbe na mdomo, kisha asubiri nimalize kusema. Hatafika mbali.

Njia ya zamani ya misafara, iliyotoka Bagamoyo, ikapumzika hapa kwetu Unyanyembe na kuendelea hadi Ujiji, ina kisa kinachofaa kutufungulia mazungumzo. Waingereza wawili, Richard Burton na John Speke, walifika Kaze, ndiyo Tabora ya leo, mwezi Novemba 1857. Machi 1858, Speke alipokuwa safarini kuvuka Ziwa Tanganyika, mdudu alimwingia sikioni usiku hemani. Kwa uchungu akachukua kisu kidogo akamchokonoa. Mdudu alikufa, lakini sikio likajeruhiwa, likatunga usaha, na kwa miezi kadhaa hakusikia nalo vizuri. Speke mwenyewe ameeleza kwamba kila alipopenga kamasi sikio lilipiga mluzi, na waliokuwa karibu wakacheka.

Kicheko hicho kina somo. Sote tunao mrija mwembamba unaounganisha sikio na sehemu ya nyuma ya pua. Ngoma ya sikio ikitoboka, hewa ya puani hupata pa kutokea. Sikio, pua na koo ni nyumba moja yenye vyumba vitatu. Anayetia kisu katika chumba kimoja sharti ajue upepo utapita wapi baadaye.

Nasema haya kwa sababu siku hizi kisu kimekuwa karibu na pua zetu. Vijana wa mijini wanaona picha katika simu, wanatamani pua nyembamba. Wapo pia wasiotaka urembo wowote; wao wanataka kupumua, maana upande mmoja umeziba tangu walipoanguka na bodaboda au baiskeli. Makundi haya mawili huonekana tofauti, lakini kiungo ni kimoja. Anayebadili umbo amegusa pumzi, na anayenyoosha njia ya pumzi anaweza kugusa umbo.

Tuangalie kwanza kazi ya pua. Pua hupasha hewa joto, huitia unyevu na kunasa vumbi kabla halijafika mapafuni. Mkazi wa Tabora anayejua vumbi la kiangazi haitaji kuelezwa zaidi. Mahali pembamba kuliko pote katika njia hiyo ni ndani kidogo ya tundu, sentimita moja na ushei kutoka mlangoni. Na kanuni ya mabomba ni kali: hewa ikipita kwa utulivu, bomba likipunguzwa upana hadi nusu, ugumu wa kupitisha hewa huongezeka mara 16. Ndiyo kusema kipande kidogo kikikatwa mahali hapo, au kuta zikilegea, mtu hukesha akihema kwa mdomo.

Sasa njia za upasuaji. Iliyo kongwe ilitoka Bara Hindi, ambako watu waliokatwa pua walitengenezewa nyingine kwa ngozi ya paji la uso. Mwaka 1794 gazeti moja la London lilichapa habari za mwendesha gari la ng'ombe aliyetibiwa hivyo, na madaktari wa Ulaya wakaiga. Hiyo ilikuwa kazi ya kuongeza. Mwaka 1898, Jacques Joseph wa Berlin alimpunguzia pua mtu aliyeona aibu kwa ukubwa wake, na kutokana na kazi zake upasuaji wa kupunguza ukaenea. Ulifaa pua zenye mwamba mrefu wenye nundu. Pua za wengi wetu zina mwamba mfupi, ngozi nene na matundu mapana. Kwa hiyo anayetaka kuibadili mara nyingi huhitaji kuongezewa gegedu, yaani ule mfupa laini, kutoka sikioni au ubavuni. Wengine hutiwa silikoni. Haihitaji kukatwa mahali pengine, lakini yaweza kuingia vidudu au kusukumwa nje hata baada ya miaka.

Kuna njia ya kupasua kwa ndani, ambayo haiachi kovu la nje na uvimbe wake hupungua mapema. Kuna njia ya wazi, ambapo daktari hukata pia kile kipande kinachotenga matundu mawili, akainua ngozi na kuona kila kitu. Hii ya pili huvimba zaidi, lakini hufaa pua iliyopinda sana au iliyokwisha kupasuliwa. Hakuna iliyo bora kwa kila mtu. Cha kuuliza ni kipi kitaachwa ndani kushikilia kuta. Zamani wengi walikata na kutupa. Siku hizi madaktari wengi huhifadhi nguzo za pua au huweka vipande vya gegedu ili njia isibane.

Ukuta wa kati nao una historia yake. Mwanzoni mwa karne ya 20, Freer na Killian walieneza njia ya kuondoa sehemu iliyopinda na kubakiza ukanda wa kushikilia mwamba. Walioondoa kupita kiasi waliacha pua zikididimia. Leo mkazo ni kunyoosha na kurudisha. Vivyo hivyo vile vinyama vya pembeni vinavyovimba wakati wa mafua: vikipunguzwa kwa kiasi, mtu hupumua, vikiondolewa vyote, pua hukauka, hufanya magamba, na mgonjwa aweza kujiona kama anakosa hewa ilhali tundu liko wazi.

Tena, ndugu msikilizaji, si kila pua iliyoziba inadai kisu. Vumbi, moshi wa kuni na mzio huvimbisha ndani, na tiba yake ni dawa na kuosha pua kwa maji safi yaliyochemshwa, yakapoa, na kutiwa chumvi kwa kipimo. Hata yale matone ya kuzibua yanayouzwa dukani, yakitumiwa zaidi ya juma moja, huanza kuziba yenyewe.

Lipo jambo moja lisilongoja. Mtu akipigwa puani, hasa mtoto, kisha pande zote mbili zikaziba kwa uvimbe laini, huenda damu imevilia kwenye ukuta wa kati. Afikishwe hospitali siku ile ile. Damu hiyo isipotolewa, gegedu hufa kwa siku chache, na pua hubonyea kama tandiko la punda. Mfupa uliovunjika nao hurudishwa kwa urahisi ndani ya majuma mawili ya mwanzo, na kwa watoto mapema zaidi. Anayekaa nyumbani akikandwa kwa maji moto hadi mwezi upite amegeuza kazi ndogo kuwa kubwa.

Kwa mkazi wa hapa, mlango wa kwanza ni Hospitali ya Kitete. Ikibidi, hupelekwa Bugando au Muhimbili kwa bingwa wa masikio, pua na koo. Huko usiulize bei peke yake. Uliza: utakata nini na utaacha nini? Nitapumuaje baadaye? Nisiporidhika, itarekebishika? Ukimwambia daktari kwamba ngozi yako huota makovu manene, umemsaidia sana. Na ujue kwamba umbo la mwisho huonekana baada ya mwaka mzima.

Pua pana haijawahi kuwa ugonjwa. Wapagazi wa Kinyamwezi walibeba pembe na mizigo ya vitambaa kwa miezi mingi katika njia ile, na pua zao ziliwafikisha. Anayetaka kuibadili ana haki yake, lakini aiulizie pumzi kwanza, kwa kuwa sura huonwa na wengine, na pumzi ni ya mwenyewe usiku na mchana.

Hadi juma lijalo, kwaherini.