Nionyeshe Ratiba Yako: Namna ya Kumsindikiza Mwanafunzi wa Mwaka wa Kwanza

Kila mwaka, mwezi Oktoba unapoelekea ukingoni, mitaa ya Sinza hupokea wageni. Utawaona wakishuka kwenye daladala pale Mori, Kijiweni au Afrika Sana, begi moja mgongoni na jingine mkononi, simu sikioni, wakiuliza nyumba ilipo. Ni wanafunzi wa mwaka wa kwanza. Wengine wamekosa nafasi katika mabweni ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam au ya Chuo Kikuu Ardhi, ambavyo vyote viko jirani nasi, ng'ambo ya Barabara ya Sam Nujoma. Wengine wanasoma vyuo vya mbali zaidi, lakini wamepata hifadhi huku kwa ndugu. Sinza ilipimwa viwanja katika miaka ya 1970 kwa mradi uliosaidiwa na Benki ya Dunia, ili wenyeji wa jiji wajenge nyumba zao. Haikukusudiwa kuwa mji wa wanafunzi. Hata hivyo, leo si ajabu kukuta chumba cha uani kinachokaliwa na vijana wawili au watatu, kila mmoja na ratiba yake ya masomo.

Kwa sababu hiyo, tunaoishi hapa tumejikuta tukifanya kazi ambayo wengi wetu hatukuajiriwa kuifanya. Baadhi yetu ni wahadhiri waliopangiwa wanafunzi wa kuwashauri kitaaluma. Wengine ni wahitimu, wenye nyumba, viongozi wa Jumuiya Ndogo Ndogo za Kikristo, au wanafunzi wa mwaka wa tatu ambao wadogo zao huwaita kaka na dada. Makala haya tunayaandika kwa ajili ya wote hao, mintarafu yale ambayo mshauri hana budi kuwa nayo mkononi katika majuma ya kwanza ya masomo.

Miaka michache iliyopita alikuwapo kijana mmoja katika jumuiya yetu. Alitoka mkoa wa mbali, alifaulu vema kidato cha sita, wala hakukosa vipindi. Kila Jumamosi baada ya sala, mmoja wetu ambaye ni mhadhiri alimwuliza, “Masomo yanaendaje, mwanangu?” Naye aliitikia kwa unyenyekevu, “Yanaendelea vizuri, baba. Tunamshukuru Mungu.” Tukaridhika. Matokeo ya muhula yalipotoka, kozi mbili hazikuonekana kabisa. Alikuwa amehudhuria mihadhara, amefanya majaribio na kuketi katika mtihani, ila hakuwahi kuzisajili kozi hizo katika mfumo wa chuo chake. Alidhani kwamba ukishalipa ada na kupewa kitambulisho, umesajiliwa kwa kila kitu. Muda wa kurekebisha ulikuwa umepita zamani. Alitakiwa kuzirudia kozi zile mwaka uliofuata, na mkopo wake ukasimama. Akaenda nyumbani kungoja, na hakurudi.

Tulipoketi kulitafakari jambo hilo, tuliona kwamba kosa halikuwa lake peke yake. Tulimwuliza swali ambalo, kwa adabu za kwetu, lina jibu moja tu. Kijana aliyelelewa vema hamwambii mtu mzima, tena mbele ya jumuiya, kwamba mambo yamemchanganya. “Vizuri” yake ilikuwa heshima, nasi tuliichukua kuwa taarifa. Tangu hapo tuliacha kuuliza masomo yanaendaje. Sasa tunasema: “Nionyeshe.”

Cha kwanza tunachoomba kuonyeshwa ni orodha ya kozi alizosajili, kama inavyosomeka katika mfumo wa chuo, si kama anavyoikumbuka. Hapa mshauri anapaswa kumweleza mwanafunzi jambo ambalo waliolizoea husahau kulisema: kuingia chuoni kuna milango zaidi ya mmoja. Kuna udahili, unaosimamiwa na Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania (TCU); na aliyechaguliwa na vyuo zaidi ya kimoja hana budi kuthibitisha kimoja. Kuna usajili wa chuo, unaohusu ada, vyeti halisi na kitambulisho. Halafu kuna usajili wa kozi, ambao mwanafunzi huufanya mwenyewe kila muhula kwa kutumia mtandao. Aliyepita mlango wa kwanza na wa pili hajaupita wa tatu. Vyuo huweka muda maalumu wa kuongeza au kuondoa kozi mwanzoni mwa muhula, na muda huo ndio mshauri anaopaswa kuufahamu kwa tarehe. Ukishapita, hata mhadhiri mwenye nia njema hana la kufanya zaidi ya kuandika barua.

Orodha hiyo ikiwa mezani, tunaitumia kumfundisha hesabu moja. Mbele ya kila kozi huandikwa idadi ya krediti. Katika utaratibu wa Tanzania, krediti moja ni saa 10 za kujifunza, na shahada ya miaka mitatu huhitaji krediti zisizopungua 360, yaani 120 kwa mwaka. Tuchukue kozi ya krediti 12. Hiyo ni kazi ya saa 120. Ikiwa muhula una majuma 15, na kozi ina saa tatu za mihadhara na semina kwa juma, mwanafunzi atakuwa ameketi darasani saa 45 tu. Saa 75 zilizobaki, yaani tano kila juma, anatarajiwa kuzitumia mwenyewe katika kusoma, kufanya mazoezi na kuandika. Akiwa na kozi tano za namna hiyo, juma lake la kazi ni saa 40, sawa na la mtumishi wa ofisini. Mwanafunzi aliyetoka shule ya bweni, ambako kengele iliamua kila kitu, huiangalia ratiba ya chuo yenye nafasi nyingi wazi na kufurahi. Hesabu hii humrudisha chini kwa upole. Tunamwomba azijaze nafasi zile mbele yetu, kwa kalamu, na aandike pia mahali atakaposomea.

Mahali ni jambo zito kuliko linavyoonekana, maana Sinza haijulikani kwa ukimya wake. Mwanafunzi wa Mlimani anayo maktaba mpya iliyofunguliwa Novemba 2018, yenye nafasi ya wasomaji 2,100 kwa wakati mmoja, lakini tumewakuta vijana waliomaliza muhula wa kwanza bila kuingia humo hata mara moja, wakisoma kitandani huku muziki wa baa ukipiga hadi usiku wa manane. Mshauri na aende naye siku ya kwanza. Asimwelekeze, amsindikize hadi mlangoni.

Cha pili tunachoomba kuona ni kanuni za mitihani. Mara nyingi hana. Vijana huyajua maneno ya mtaani, “sapu” na “kudisko”, kabla ya kujua kanuni zinasema nini, na hofu inayotokana na maneno hayo ni kubwa kuliko maarifa yanayotokana nayo. Katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kwa kozi nyingi za shahada ya kwanza, kazi za muhula huchukua alama 40 na mtihani wa mwisho 60. Maana yake ni kwamba jaribio la juma la sita, ambalo kijana huliona dogo, limekwisha kuamua sehemu ya hatima yake. Vilevile wengi hudhani mwaka wa kwanza ni wa kuzoea tu. Sivyo. Wastani wa mwisho, ule uitwao GPA, hupigwa hadi 5.0, daraja la kwanza huanzia 4.4 na daraja la pili la juu 3.5, na alama za mwaka wa kwanza zimo ndani ya hesabu hiyo. Kwa vyuo vingine mshauri asikisie. Achukue kanuni za chuo husika, aketi na mwanafunzi, wasome pamoja kurasa zinazohusu kufaulu, kurudia na kuahirisha.

Hilo la kuahirisha tunalikazia. Msiba nyumbani au ugonjwa huweza kumpata yeyote majuma ya mitihani. Anayeomba ruhusa kwa maandishi kabla ya mtihani, akiwa na cheti cha daktari au barua ya wazazi, kwa kawaida husikilizwa. Anayepanda basi usiku kwenda kuzika, akarudi na maelezo baadaye, huhesabiwa kuwa hakutokea. Mama mmoja mwenye nyumba hapa mtaani ameokoa mwaka wa mpangaji wake kwa kumzuia mlangoni saa kumi na moja alfajiri, akimwambia, “Nenda kwanza ofisi ya mlezi wa wanafunzi ukaandike barua, kisha ndipo uende ukamlilie baba yako.” Sisi wasomi tulikuwa hatujafikiria.

Cha tatu ni fedha, na hapa swali la heshima ni gumu zaidi. Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu, iliyoanza kazi mwaka 2005, hutoa fedha za chakula na malazi ambazo tangu mwaka wa masomo 2022/23 ni shilingi 10,000 kwa siku. Huja kwa mikupuo. Mkupuo wa siku 60 ni shilingi 600,000, nao wanafunzi huuita bumu. Kijana ambaye hajapata kushika fedha nyingi kiasi hicho huziona nyingi. Wakati huohuo mwenye nyumba anadai kodi ya miezi mitatu au sita kwa mara moja, na bado hajanunua godoro. Tumeona wanaokula mara moja kwa siku kabla mkupuo haujafika nusu, huku wakiendelea kuitikia “vizuri”. Kwa hiyo tunasema: nionyeshe kodi umelipa hadi lini, na umebakiwa na shilingi ngapi hadi tarehe ipi. Tunaigawa iliyobaki kwa idadi ya siku. Ikionekana haitoshi, ni afadhali ijulikane Novemba kuliko Januari. Nao wenye nyumba miongoni mwetu tumewaomba wapokee kodi ya mwezi mmoja mmoja kwa mwanafunzi wa mwaka wa kwanza. Si wote waliokubali, na hatuwalaumu. Nao wana ada za kulipa.

Mwanafunzi akumbushwe pia kwamba fedha zikifika hana budi kuzisaini kwa wakati, la sivyo hurejeshwa. Na asiyepata mkopo asikate tamaa kabla ya dirisha la rufaa kufunguliwa. Mara nyingi shida ipo katika nyaraka: cheti cha kuzaliwa, au cha kifo cha mzazi, hakijahakikiwa na RITA, au jina la cheti cha kuzaliwa halilingani na la kidato cha nne. Mhitimu mmoja jumuiyani anayejua njia hizi ana faida kuliko hotuba nyingi.

Wazo kwamba mwalimu wa chuo ana wajibu wa kumjua mwanafunzi mmoja mmoja si geni katika Kanisa. Mtakatifu John Henry Newman, ambaye Papa Leo XIV alimtangaza kuwa Mwalimu wa Kanisa tarehe 1 Novemba 2025, aliteuliwa mwaka 1826, akiwa bado Mwanglikana, kuwa mwalimu mlezi katika Chuo cha Oriel, Oxford. Alishikilia kwamba kazi ile ilikuwa ya kulea, si ya kufundisha tu. Mkuu wa chuo, Edward Hawkins, hakukubaliana naye, na hatimaye akaacha kumpangia wanafunzi wapya. Watu husahau jambo jingine: Newman mwenyewe, akiwa mwanafunzi, alijichosha kwa kusoma kupita kiasi, na mwaka 1820 mtihani wa mwisho ukamwendea vibaya sana. Tunawasimulia vijana habari hiyo mara nyingi. Huwafariji kuliko simulizi za waliopata daraja la kwanza.

Limebaki suala la lugha. Kijana aliyesoma shule ya msingi kwa Kiswahili na sekondari kwa Kiingereza cha kukariri, hunyamaza katika semina, naye mhadhiri hudhani hajasoma. Tunamshauri kwamba baada ya kila mhadhara aandike mistari mitano kwa Kiswahili akieleza alichoelewa, kisha aigeuze kuwa Kiingereza. Kama ile ya Kiswahili haiandikiki, tatizo si Kiingereza. Hajaelewa somo, na anapaswa kwenda kumwona mhadhiri. Hata kugonga mlango wa mhadhiri hujifunzwa. Tumewahi kufanya zoezi hilo sebuleni, mmoja akiwa mhadhiri na mwingine mwanafunzi, hadi mwanafunzi akaacha kuomba radhi kabla ya kusema shida yake.

Mwaka huu tutaketi na wanafunzi wapya Jumamosi nne za kwanza baada ya vyuo kufunguliwa, mara baada ya sala za jumuiya. Tunawakaribisha wa madhehebu na dini zote. Waje na simu zenye chaji, maana mifumo ya vyuo hufunguliwa humo, na waje na nywila zao. Mwaka jana wanne walikuwa wamezisahau, na Jumamosi yote ya kwanza ikaishia hapo.