Hawakuwa na Kinga, Walichelewa Kuanza

Mwaka 1912 daktari Isaac Adler wa New York alichapisha kitabu kizima juu ya saratani ya mapafu, na akaona inafaa kwanza awaeleze wasomaji kwa nini amejisumbua. Ugonjwa wenyewe ulikuwa adimu mno. Alipekua maandishi ya kitabibu ya nchi mbalimbali, akaambulia wagonjwa 374. Mwaka 2022 wagonjwa wapya duniani walikadiriwa kufika karibu milioni 2.5, na vifo vilipita milioni 1.8. Hakuna saratani nyingine inayoua watu wengi kiasi hicho.

Kilichotokea katikati kinajulikana, na kinaonekana vizuri zaidi Marekani. Miaka ya 1880 mashine iliyobuniwa na James Bonsack ilianza kutoa sigara zaidi ya 100,000 kwa siku, ambazo awali wafanyakazi walizisokota kwa mkono, moja baada ya nyingine. Mwaka 1900 matumizi yalikuwa wastani wa sigara 54 hivi kwa kila mtu mzima kwa mwaka. Vita Kuu ya Kwanza ikaja, askari wakagawiwa sigara pamoja na chakula, na waliorudi nyumbani walirudi na mazoea. Kufikia mwaka 1963 wastani ulikuwa umepita sigara 4,300.

Saratani ilifuata, ila haikufuata papo hapo. Pafu hujeruhiwa na moshi kwa miaka mingi kabla uvimbe haujaota, mara nyingi miaka 20 hadi 30 au zaidi. Vifo vya wanaume vilianza kupanda waziwazi katika miaka ya 1930, vikaendelea kupanda kwa miongo sita, vikafikia kilele mwaka 1990 kwa takriban vifo 90 kwa kila wanaume 100,000. Tangu hapo vinashuka.

Habari ya wanawake ndiyo inayonishughulisha zaidi, kwa sababu ndiyo iliyosomwa vibaya.

Mwanzoni mwa karne iliyopita, mwanamke wa Marekani kuvuta sigara hadharani ilikuwa aibu. Kwa makampuni ya tumbaku hiyo ilikuwa nusu ya soko ambayo haijaguswa. Siku ya Pasaka mwaka 1929, Edward Bernays, mtaalamu wa propaganda aliyekodiwa na American Tobacco Company, aliwapanga wanawake vijana watembee Fifth Avenue jijini New York huku wakivuta sigara mbele ya wapiga picha. Sigara hizo zikaitwa mienge ya uhuru. Wanawake hao walikuwa na madai ya haki kabisa, na kuyageuza madai hayo kuwa chambo cha kuuzia sumu ni tendo ambalo sioni namna ya kulitetea. Hata hivyo wengi walianza kuvuta wakati wa Vita Kuu ya Pili na baada yake, takriban kizazi kimoja nyuma ya wanaume.

Kwa hiyo watafiti walipoanza kuhesabu, wanawake walikuwa bado hawajafikia umri wa kulipa. Katika utafiti maarufu wa Richard Doll na Austin Bradford Hill wa mwaka 1950, uliofanyika katika hospitali za London, wagonjwa wa saratani ya mapafu walikuwa 709. Wanawake kati yao walikuwa 60 tu. Tarehe 11 Januari 1964 Mganga Mkuu wa Serikali ya Marekani, Luther Terry, alitoa ripoti iliyotamka bila kumung’unya maneno kwamba sigara husababisha saratani ya mapafu kwa wanaume. Kuhusu wanawake ilisema takwimu ni chache zaidi, lakini zinaelekea huko huko. Wataalamu hao walikuwa waangalifu, na walistahili kuwa hivyo. Ila msomaji wa kawaida angeweza kabisa kuondoka akiamini kwamba mwili wa mwanamke una kinga fulani.

Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2013 na Michael Thun na wenzake yaliifuta imani hiyo. Walilinganisha wavutaji na wasiowahi kuvuta katika vipindi vitatu. Miaka ya 1960, mwanamke mvutaji alikuwa na hatari ya kufa kwa saratani ya mapafu mara 2.7 kuliko mwanamke asiyevuta, wakati kwa mwanamume mvutaji ilikuwa mara 12. Miaka ya 1980 hatari ya mwanamke ikafika karibu mara 13. Miaka ya 2000 ikapita mara 25, na hapo ikawa sawa na ya mwanamume. Maumbile ya mwanamke hayabadiliki kwa miaka 40. Kilichobadilika ni kwamba wanawake wa kipindi cha mwisho walikuwa wameanza wakiwa wasichana, kama wanaume, na kuvuta nyingi kwa miaka mingi, kama wanaume.

Na hawakuachwa waanze wenyewe. Mwaka 1968, miaka minne baada ya ripoti ya Terry, Philip Morris ilileta sokoni Virginia Slims, sigara nyembamba iliyotengenezwa kwa ajili ya wanawake, na matangazo yake yakiwasifu kwa hatua walizopiga. Kufikia mwaka 1987 saratani ya mapafu ilikuwa imeipita saratani ya matiti kwa kuua wanawake wa Marekani. Kilele chao kilikuja mwishoni mwa miaka ya 1990, kwa vifo vipatavyo 41 kwa kila wanawake 100,000, chini ya nusu ya kilele cha wanaume, kwa kuwa wanawake wavutaji hawakuwahi kuwa wengi kama wanaume. Uingereza mambo yalikwenda vivyo hivyo: vifo vya wanaume vilianza kushuka miaka ya 1970, vya wanawake vikaendelea kupanda kwa miongo kadhaa.

Sehemu kubwa ya tofauti ya jinsia, basi, ni tofauti ya tarehe ya kuanza. Sehemu kubwa, si yote. Mwaka 2018 Ahmedin Jemal na wenzake walionyesha kwamba kwa Wamarekani weupe na wale wenye asili ya Amerika ya Kilatini waliozaliwa tangu katikati ya miaka ya 1960, wanawake vijana wanaugua zaidi kuliko wanaume wa rika lao, na uvutaji peke yake hautoshi kueleza hali hiyo. Kufikia mwaka 2021, kwa Wamarekani wote walio chini ya miaka 65, wanawake walikuwa wamewapita wanaume kidogo kwa wagonjwa wapya.

Hapo ndipo inabidi kutazama moshi ambao mwanamke hakuuchagua. Mwaka 1981 Takeshi Hirayama alichapisha matokeo ya kuwafuatilia kwa miaka 14 wake zaidi ya 90,000 wa Japani wasiovuta: waliokuwa na waume wavutaji walikufa zaidi kwa saratani ya mapafu. Huko Xuanwei, katika jimbo la Yunnan nchini China, wanawake karibu hawavuti kabisa, lakini walikuwa miongoni mwa wanaouawa zaidi na ugonjwa huu katika nchi nzima. Walipikia makaa ya mawe yenye moshi mzito ndani ya nyumba zisizo na dohani. Familia zilipojengewa majiko yenye dohani, utafiti wa mwaka 2002 ulikuta hatari imepungua kwa asilimia 46 kwa wanawake na 41 kwa wanaume. Bomba la kutolea moshi tu liliwafaa kiasi hicho.

Sisi wa Afrika Mashariki tunapaswa kuisoma Xuanwei kwa makini. Kuni zetu si makaa ya mawe yale, na wataalamu wa kimataifa wa saratani wanauweka moshi wake daraja moja chini: huenda unasababisha saratani, ushahidi haujakamilika. Lakini mwanamke anayepuliza moto wa mafiga tangu utotoni anavuta moshi kila siku, na hakuna dodoso la hospitali litakalomwita mvutaji. Mkakati wa Tanzania wa nishati safi ya kupikia, uliozinduliwa mwaka 2024, unataka asilimia 80 ya wananchi waifikie kufikia mwaka 2034. Mara nyingi husifiwa kwa kuokoa misitu. Usifiwe pia, na ugharamiwe, kwa kuokoa mapafu.

Kuhusu tumbaku, utafiti wa Kenya wa mwaka 2014 ulikuta takriban asilimia 19 ya wanaume na 4.5 ya wanawake wakiitumia. Tarakimu hiyo ya wanawake inafariji, na faraja yake ni ya muda. Inaeleza nani alikuwa akitumia tumbaku wakati huo. Haielezi nani atakuwa mgonjwa mwaka 2050. Kenya na Rwanda zilipiga marufuku shisha mwaka 2017 zikiona vijana wa kike na wa kiume wanavyoizoea. Sheria hizo zisimamiwe kwa nguvu sasa, wakati wodi bado hazijajaa, maana zikishajaa tutakuwa tumechelewa kwa miaka 30.

Dada au mama akikohoa kwa wiki tatu, aende kupimwa. Akishatibiwa kifua kikuu au nimonia bila nafuu, familia iombe achunguzwe upya, hata kama hajawahi kushika sigara. Na anayevuta asikate tamaa. Madaktari wa Uingereza ambao Doll aliwafuatilia kwa miaka 50 walionyesha kwamba mvutaji wa kudumu hupoteza takriban miaka 10 ya uhai. Aliyeacha akiwa na miaka 40 aliiokoa 9 kati ya hiyo, na aliyeacha akiwa na 60 aliokoa 3.