Shaba na Umeme: Sauti Mpya ya Vikosi vya Ngoma na Tarumbeta vya Marekani

Vikosi vya ngoma na tarumbeta vya Marekani ni makundi ya vijana, wengi wao wanafunzi wa sekondari na vyuo ambao hawajatimiza miaka 22, wanaosafiri kwa mabasi majira yote ya kiangazi kutoka mji hadi mji ili kushindana katika viwanja vya mpira wa Kimarekani, na kinachoshindaniwa ni onyesho la dakika 12 hivi ambamo muziki, gwaride na uchezaji wa bendera hufumwa pamoja. Humo hamna zumari, filimbi wala saksafoni. Kila sauti inayopulizwa hutoka katika ala za shaba, yaani tarumbeta, melofoni ambayo hushika sauti za kati, baritoni, eufonia na tuba zinazobebwa begani, na wapulizaji wa kikosi kikubwa hufika 70 hadi 80. Chimbuko la vikosi hivi ni vyama vya askari wastaafu vilivyoshamiri baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, na msomaji wa pwani ya Afrika Mashariki atakumbuka hapa beni, ngoma ya mashindano iliyoenea kutoka Lamu na Mombasa tangu miaka ya 1890, ambayo nayo ilitwaa shaba, sare na gwaride ikavitia katika ushindani wa vyama. Michezo hii miwili ilikua mbalimbali bila kujuana, lakini yote ina deni kwa bendi ya jeshi.

Shirika linalosimamia mashindano makubwa, Drum Corps International, liliundwa mwaka 1971 na viongozi wa vikosi waliotaka kujitawala, likaendesha fainali zake za kwanza mwaka 1972 huko Whitewater, Wisconsin. Kwa muda mrefu kanuni zilivibana vikosi vibaki na parapanda za ufunguo wa G, jamaa ya zile za kijeshi, ambazo hapo mwanzo hazikuwa na vali za kutosha kutoa noti zote, vali zikiwa ni vile vitufe vinavyorefusha au kufupisha njia ya hewa ndani ya bomba. Ala za shaba za ufunguo wowote ziliruhusiwa kuanzia msimu wa 2000. Mwaka 2004 ikaja ruhusa ya kupaza kwa maikrofoni sauti za waimbaji na za ala zisizotembea, zile marimba na vibrafoni zinazopangwa mbele ya uwanja. Na mwaka 2009 mlango ukafunguliwa kwa vyombo vya kielektroniki vyenyewe. Kila hatua kati ya hizo ilizua mabishano makali baina ya waliopenda mila ya parapanda na waliotaka rangi mpya, ila ya mwaka 2009 iligusa jambo zito kuliko zote, kwa kuwa ndiyo ya kwanza kuingiza uwanjani sauti isiyotokana na pumzi ya mtu wala mkono unaogonga.

Vyombo vyenyewe hukaa katika safu ya mbele, pembeni mwa marimba. Cha kwanza ni sintesaiza, kinanda kinachounda sauti kwa mawimbi ya umeme na kuweza kuigeuza rangi yake kwa vitufe na magurudumu. Cha pili ni kompyuta au kisanduku chenye sampuli, yaani vipande vifupi vya sauti vilivyorekodiwa mapema, kama mngurumo wa radi, neno lililotamkwa, mlio wa chuma kinachoburuzwa au akodi, yaani noti kadhaa za pamoja, iliyopulizwa na kikosi hicho hicho siku nyingine, ambavyo mpigaji huviamsha kwa kubonyeza kitufe au kugonga kipande cha mpira kwa wakati unaotakiwa. Vyote hupitia mikseri, hutoka kwa spika zilizopangwa kandokando ya uwanja, na hupata nguvu kutoka kwa jenereta au betri ambazo kikosi husukuma kwa magurudumu wakati wa kuingia, kwa haraka ambayo mtazamaji asiyeielewa kazi hiyo hawezi kuithamini.

Sababu ya waandaaji kuvikimbilia vyombo hivi inaonekana kwanza katika namna alama zinavyogawanywa, kwani kati ya alama 100, alama 40 hutolewa kwa athari ya jumla, yaani jinsi onyesho zima linavyomgusa mtazamaji, na 60 zilizobaki hugawanywa sawa baina ya muziki na mambo ya kuonwa. Hata hivyo kuna sababu nyingine iliyomo katika maumbile ya shaba yenyewe, nayo ndiyo inayostahili kuangaliwa kwa makini zaidi. Mpulizaji akiongeza nguvu ya pumzi, sauti ya ala haiongezeki ukubwa tu, bali hubadilika rangi, kwa sababu mawimbi ndani ya bomba husimama wima zaidi na kuzaa sauti nyingi za juu zinazoandamana na noti ya msingi; ndiyo maana tarumbeta inayopulizwa kwa nguvu hung'aa na kukata, na ile inayopulizwa polepole huwa na giza na ulaini. Katika uwanja wa maelfu ya watu, ule ulaini ulikuwa hauwafikii watazamaji. Maikrofoni imelibadilisha hilo: mpulizaji mmoja anaweza sasa kunong'ona kwa ala yake, hata akiwa ameziba mdomo wa ala hiyo kwa kifuniko kinachopunguza sauti, na mnong'ono huo ukasikika safu ya mwisho ukiwa bado na rangi ya mnong'ono. Kupaza sauti laini na kupuliza kwa nguvu ni mambo mawili tofauti kabisa, na yule anayedai kwamba umeme umeiongezea shaba kelele tu hajaisikiliza vizuri tofauti hiyo.

Faida ya pili iko chini kabisa ya masafa, masafa yakiwa ni idadi ya mitetemo kwa sekunde, inayohesabiwa kwa hezi. Tuba inayotembea kwenye nyasi haiwezi kujaza uwanja wazi kwa mitetemo iliyo chini ya hezi 60 hivi, hewa ya kusukumwa ikiwa ni nyingi mno na kuta za kuirudisha hakuna. Sabufa, yaani spika ya sauti nzito, inaiweza kazi hiyo, na kwa kuwa sikio la mwanadamu si hodari wa kutambua upande zinakotoka sauti nzito namna hiyo, mngurumo wa spika iliyo mbele huweza kuhesabiwa na msikilizaji kuwa ni wa tuba zilizo katikati ya uwanja. Ikifanywa kwa kiasi, mtu husikia tuba zenye kifua kipana kuliko kawaida, bila kujua kwamba zimesaidiwa.

Ugumu mkubwa kuliko yote ni wa wakati. Sauti husafiri hewani takriban mita 343 kwa sekunde, na upana wa uwanja wa mpira wa Kimarekani ni karibu mita 49, hivyo noti inayopulizwa nyuma kabisa huchukua sekunde 0.14 kufika mstari wa mbele, ambao ndio mstari wa spika. Muda huo unaonekana kuwa si kitu, lakini katika wimbo wenye mapigo 180 kwa dakika kila pigo huchukua sekunde 0.33 tu, kwa hiyo ucheleweshaji huo unakaribia nusu ya pigo. Wapulizaji walio nyuma huitazama mikono ya kiongozi anayeonyesha mapigo, naye huonekana papo hapo kwa sababu mwanga hauchelewi. Basi mpiga sintesaiza naye akiifuata mikono hiyo kwa macho, sauti yake itawafikia watazamaji kabla ya shaba, na akodi moja itapasuka kuwa mbili. Kwa hiyo safu ya mbele hufundishwa kuyaacha macho na kusikiliza nyuma, yaani kungoja sauti ya uwanjani iwafikie ndipo nao waiunge, na nidhamu hiyo, ambayo ilikuwepo tangu zama za marimba zisizo na umeme, imekuwa ya lazima zaidi sasa ambapo kidole kimoja kinaweza kuamsha sauti inayolingana kwa ukubwa na ile ya wapulizaji wote.

Mwaka 1949 Mjerumani Helmut Haas, katika tasnifu yake ya udaktari huko Göttingen, alionyesha kwamba sauti moja ikifika sikioni mara mbili kutoka pande mbili, kwa mwachano wa takriban milisekunde 30 au chini yake, msikilizaji husikia sauti moja tu na kuiweka upande wa ile iliyotangulia, hata kama iliyofuata ina nguvu zaidi. Mafundi wa sauti duniani kote hutumia kanuni hii, nao hutaka shaba itangulie na spika ifuate nyuma yake kidogo, ili jicho na sikio vikubaliane kwamba muziki unatoka kwa watu. Jukwaani wanamuziki hukaa mahali pamoja na hesabu hufanywa mara moja. Uwanjani wapulizaji hutembea, wakiwa mita 40 kutoka kwenye spika katika ubeti mmoja na mita 5 katika unaofuata, na hakuna ucheleweshaji mmoja unaofaa kwa onyesho zima. Ndiyo sababu mahali panapounganisha sauti hizi mbili hupangwa pamoja na ramani ya hatua, na mtunzi wa muziki hawezi tena kufanya kazi bila kuketi na mtunzi wa gwaride.

Onyesho lililodhihirisha vizuri zaidi kinachoweza kupatikana lilikuwa Tilt la kikosi cha Bluecoats cha Canton, Ohio, mwaka 2014, jina hilo likiwa na maana ya kuinama upande. Wasikilizaji walisikia akodi nzito ya shaba ikiteleza, kimo chake kikishuka kama kitu kinachopoteza mizani, jambo ambalo kikosi chenye ala za vali hakiwezi kulifanya chenyewe kwa pamoja, kwa kuwa vali huruka kutoka noti hadi noti, na midomo ya watu wengi ikijaribu kuivuta noti kila mmoja huivuta kwa kiasi chake. Sintesaiza ina gurudumu linalofanya hivyo bila mshono, na ikianza katika kimo na rangi ile ile ya shaba, sikio haliwezi kusema pumzi imeishia wapi. Bluecoats walishika nafasi ya pili mwaka huo, nyuma ya Blue Devils wa Concord, California, na ubingwa wao wa kwanza ukaja mwaka 2016 kwa Down Side Up. Lakini ni mtelezo wa 2014 unaokumbukwa na watu, na kwa haki, kwa sababu umeme ulitamka jambo ambalo shaba ilikuwa imelianzisha na haikuweza kulimaliza.

Si vikosi vyote vilivyofika hapo. Lawama inayosikika mara nyingi zaidi ni ya sabufa kuachwa zingurume chini ya kila akodi kubwa hadi mahadhi yakazama, na mashabiki wa Marekani wameupa uzito huo jina la utani linalomaanisha kitu kinene cha kunata. Lawama hiyo ina msingi. Mngurumo usiokoma huficha makosa ya wapulizaji, lakini pia huficha ubora wao, na kijana aliyefanya mazoezi saa nyingi juani ili noti yake iingie sawasawa ndani ya akodi ana haki ya kusikika. Ukumbi nao huongeza shida: fainali huchezwa Indianapolis katika Lucas Oil Stadium, uwanja wenye paa, tangu mwaka ule ule wa 2009 ambapo umeme uliruhusiwa, na mwangwi wa jengo hilo huzidisha sauti nzito, ilhali wiki zilizotangulia kikosi kilikuwa kikipiga katika viwanja vidogo vya shule ambamo sauti hupotelea angani. Fundi anayeacha mikseri yake kama ilivyokuwa Julai hukuta mambo mengine kabisa Agosti.

Mashabiki wengi wakongwe wana desturi ya kufika saa kadhaa kabla ya mashindano na kwenda kwenye maegesho ya magari, ambako vikosi hujipasha moto kabla ya kuitwa uwanjani. Hapo hakuna spika wala waya. Wapulizaji husimama nusu duara, mwalimu huinua mkono, nao hupuliza akodi moja ndefu huku wasikilizaji wakiwa hatua chache tu kutoka kwenye midomo ya ala, na ikiwa ni akodi itakayounganishwa na sintesaiza jioni hiyo, hapo husikika ikifika mwisho wa pumzi na kukatika, na pale ambapo gurudumu lingeishika huwa kimya.